Kuinua Motokaa kwa Jeki Pasipo Kuleta Maafa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Segerea, Dar es Salaam)



 Sisi tunaosimama mbele yenu tu watu wawili: mmoja karani wa bohari, na mwenziwe dereva. Maneno haya tumeyaandika pamoja na kuyasahihisha pamoja, na ndiyo sababu mtatusikia tukisema "sisi" toka mwanzo hata mwisho. Ikiwa pana kosa ndani yake, kosa ni letu sote wawili.

Huenda wako kati yenu wanaojiuliza moyoni: Je, mkutano wa makarani una haja gani na habari za jeki? Jeki ni kazi ya dereva na utingo. Kazi ya karani ni kalamu na jalada. Nasi zamani tulifikiri hivyo hivyo. Leo twataka kuwaeleza kwa nini tumeacha kufikiri hivyo. Kisha tutaeleza kwa utaratibu jinsi ya kuinua motokaa ya safari iliyokwama, hasa kwa kutumia vile vyuma vya kuongezea jeki ambavyo watu wengi huvidharau kwa kuwa hawajui vina kazi gani.

YALIYOTUPATA

Ilikuwa wakati wa masika. Ninyi nyote mkaao Segerea mwaijua hali ya njia zetu wakati huo. Barabara kubwa ina lami, lakini ukiiacha ukateremka upande wa bonde la Msimbazi, juu utakanyaga mchanga, na chini ya mchanga utakuta tope zito lishikalo kama gundi. Mto ule hutoka vilima vya Pugu, na mvua ikinyesha kule, maji hutufikia huku hata kama kwetu jua lawaka. Hatuna haja ya kuwakumbusha mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kubomoa nyumba nyingi bondeni.

Ofisi moja, ambayo hatutaitaja jina, ilituma Land Rover ya namna ya zamani kupeleka majalada na vyombo vya kupimia ardhi. Tulikuwa watu watatu: sisi wawili, na karani mmoja kijana aliyekuwa kazini kwa miezi michache tu. Tulipokuwa katika mteremko, gurudumu la nyuma la kushoto lilizama hata ekseli ikagusa tope.

Tulikuwa na jeki ndefu. Tuliisimamisha juu ya jiwe bapa, tukaingiza ulimi wake chini ya bampa ya nyuma, tukavuta breki ya mkono, tukatia gia, tukaanza kupiga mpini. Mwili wa motokaa ulipanda, lakini gurudumu halikupanda. Tulipiga tena na tena. Springi zikanyooka, motokaa ikainama upande, na gurudumu lingali topeni. Jeki ilipokaribia ncha ya juu, ghafula tope liliachia. Hapo hapo motokaa ikaanza kuteremka, ingawa breki ya mkono ilikuwa imevutwa na gia imo. Jiwe likapinduka, jeki ikalala, na gurudumu likashukia ubao uliokuwa chini yake. Kati ya gurudumu na ubao ulikuwamo mkono wa kuume wa kijana yule, aliyekuwa akiusukuma ubao mahali pake.

Alifikishwa hospitali akatibiwa vema, walakini vidole viwili havikuweza kuokolewa. Mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya mwandiko wake sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Yumo humu ukumbini, na ni kwa idhini yake tumesimulia habari hii.

Bwana Mwenyekiti, hayo si yote. Miezi mitatu kabla ya siku ile, dereva alikuwa ameandika hati ya kuomba vitu vitatu: kitako kipana cha jeki, ndoano za kuinulia gurudumu, na kabari mbili. Hati ile ilipita bohari. Vitu vyote vitatu vilipigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa maneno mawili: "Si lazima." Mkono ulioandika maneno yale ni wa mmoja wetu. Hatukukusudia ubaya, tulitaka kuokoa fedha za ofisi. Lakini tulikata kitu tusichokijua, wala hatukumwita aliyekiomba tukamwuliza kina kazi gani. Umbali kati ya meza ya bohari na dawati la madereva ulikuwa hatua chache tu.

JEKI NDEFU NA TABIA YAKE

Jeki tunayoisema si ile fupi ya mafuta iitwayo jeki ya chupa, ambayo hukaa chini ya ekseli. Twasema ile ndefu ya chuma, ambayo madereva wengi wa Afrika ya Mashariki huiita "Tanganyika jeki". Iliyo mashuhuri kupita zote ni Hi-Lift, ambayo asili yake ni mji wa Bloomfield katika jimbo la Indiana, Marekani, nayo imekuwako tangu mwaka 1905. Wakulima waliitumia kwa kazi za shamba kabla wenye motokaa hawajaipenda.

Umbo lake ni nguzo ya chuma yenye matundu toka chini hata juu. Chini ina kitako kidogo. Juu ya nguzo hutembea kipandio chenye ulimi wa kuinulia, na ndani ya kipandio mna pini mbili. Mpini ukipigwa, pini moja hushika tundu lake wakati mwenzake huhamia tundu la juu. Ndivyo apandavyo mkwezi katika mnazi: mguu mmoja hushika, na mguu wa pili hupanda.

Jeki ya inchi 48, yaani sentimeta 122 hivi, huandikwa na watengenezaji kwamba yaweza kuinua ratili 4,660, ambazo ni karibu kilo 2,100. Kwa hiyo nguvu haikosi. Kasoro yake ni kwamba husimama kwa mguu mmoja mwembamba. Ikiwa imebeba mzigo juu, kitu kidogo tu chaweza kuilaza. Kumbukeni basi neno hili moja, hata mkisahau mengine yote: jeki kazi yake ni kuinua, si kushikilia. Kitu kilichoinuliwa hapana budi kishikiliwe na kitu kingine.

MAKOSA YETU MATATU

Kosa la kwanza lilikuwa chini ya jeki. Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Tuseme jeki imebeba kilo 900, na kitako chake kina sentimeta mraba 150. Kila sentimeta moja ya tope hubeba kilo 6. Sasa tia chini yake ubao wa sentimeta 40 kwa 30. Hizo ni sentimeta mraba 1,200. Kila sentimeta itabeba robo tatu ya kilo tu, yaani sehemu moja katika nane. Mzigo haukupungua hata kidogo, bali umegawanywa. Jiwe bapa halikutufaa kwa sababu lilikuwa dogo, tena lilikuwa na mgongo; jeki ilikaa juu yake kama chungu juu ya figa moja.

Kosa la pili lilikuwa kuinua mwili wa motokaa wakati tulipotaka kuinua gurudumu. Motokaa za safari zina springi ndefu, zilizofanywa makusudi ili gurudumu lifuate mashimo ya njia. Ukiinua bampa, springi hujinyoosha kwanza, na gurudumu hubaki pale pale. Hulazimika kuinua mwili kwa kimo kikubwa kabla gurudumu halijaondoka chini hata kwa unene wa kidole. Na kadiri mwili unavyopanda, ndivyo motokaa inavyozidi kuyumba.

Kosa la tatu wengi hawalijui, nasi hatukulijua. Katika Land Rover za namna ya zamani, tangu zile zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 hata Defender zilizokoma kutengenezwa mwaka 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika mti wa chuma upelekao nguvu nyuma. Kati ya mti ule na magurudumu mawili ya nyuma kuna difu, nayo difu huruhusu gurudumu moja kuzunguka mbele na la pili kuzunguka nyuma. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, breki hushika. Moja likiinuliwa, lile la hewani huzunguka upande mmoja, na lile la chini huwa huru kuzunguka upande wa pili. Hata ukitia gia ni bure, kwa kuwa gia nayo hushika mti ule ule. Kwa hiyo dakika tope lilipoachia, motokaa yetu haikuwa na breki. Kabari mbili za mbao zingaliizuia, na kabari zile ndizo tulizoziandikia "Si lazima."

VYUMA VYA KUONGEZEA

Sasa twaja kwenye vile vifaa vilivyokatwa kwa wino mwekundu.

Kitako kipana ni kisahani kikubwa chenye mahali pa kuingia kitako cha jeki ili kisiteleze. Hesabu yake mmeisikia. Ofisi isiyoweza kukinunua na ikate ubao wa mti mgumu, mninga au mvule, wenye vipimo tulivyovitaja na unene wa sentimeta 5, na fundi apigilie vipande vinne vidogo kuzunguka mahali pa kitako cha jeki.

Ndoano za gurudumu ni kifaa chenye kichwa cha chuma kikaacho juu ya ulimi wa jeki, pamoja na mikanda miwili imara yenye ndoano nchani. Ndoano hutiwa katika matundu ya ringi. Jeki ikipigwa, gurudumu lenyewe ndilo hupanda, wala springi hazipati nafasi ya kunyooka. Inchi chache zatosha kutia mawe au mbao chini ya tairi, na motokaa haiinami. Lakini kifaa hiki kina mipaka yake. Hakifai kwa kubadili tairi, maana kimelishika gurudumu lile lile utakalo kulitoa. Tena si kila ringi ina matundu yanayokubali ndoano zake. Yafaa kujaribu nyumbani, katika uwanja mkavu, kabla ya siku ya haja.

Kifaa cha bampa hutumika penye bampa ya duara au iliyopinda, ambako ulimi wa jeki huteleza. Huwa kipana, na hukumbatia chuma cha bampa. Walakini fahamuni kwamba motokaa nyingi za siku hizi zina bampa za plastiki, nazo hazifai kuinuliwa kwa jeki ndefu kwa hali yoyote. Someni kitabu cha motokaa ili mjue mahali palipowekwa na watengenezaji kwa ajili ya jeki.

Kwa wasio na ndoano, iko njia nyingine: kufunga ekseli na fremu kwa mnyororo au mkanda imara kabla ya kuinua. Mnyororo huzuia springi zisinyooke, na gurudumu hupanda pamoja na mwili.

UTARATIBU WA KUINUA

Kwanza, tumieni jembe. Mara nyingi mtu hukimbilia jeki, kumbe kuchimba tope mbele ya magurudumu na chini ya ekseli kungalitosha.

Pili, watu wote washuke, na mizigo mizito ishushwe. Mashini izimwe.

Tatu, vuteni breki ya mkono, tieni gia, na ikiwa motokaa ina kifungo cha kuunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, kifungeni. Kisha tieni kabari kwa magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma, hata kama mahali paonekana tambarare. Macho hudanganya, bali maji na magurudumu huijua miteremko yote.

Nne, tazameni jeki yenyewe. Pini zikiwa na mchanga hazitashika vema. Zioshwe, zikaushwe, zitiwe mafuta mepesi. Iko boliti moja iliyotengenezwa makusudi ili ikatike mzigo ukizidi; asiwepo mtu wa kuitoa na kutia msumari au boliti ngumu badala yake. Boliti ile hukatika ili mtu apone.

Tano, simamisheni jeki wima juu ya kitako kipana, mkaambatishe ndoano, mkaze mpaka mikanda inyooke. Hapo simameni, mtazame tena kila kitu kabla ya kuinua.

Sita, mtu mmoja tu apige mpini, kwa mikono miwili, akisimama kando. Kichwa chake kisiwe kati ya mpini na nguzo. Mpini uliobeba mzigo ukiponyoka, huruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Mtu mwingine atazame kabari na kitako, na neno lake "Acha!" litiiwe mara moja, ajapokuwa mdogo kwa cheo.

Saba, asiingie mtu chini ya motokaa, wala asitie mkono chini ya gurudumu. Mawe na mbao visukumwe kwa mti mrefu au kwa mpini wa jembe. Bwana Mwenyekiti, sheria hii ya saba twaisoma polepole, kwa sababu mwaijua bei yake.

KUSHUSHA

Wengi waumiao huumia wakati wa kushusha, maana hudhani kazi imekwisha. Kabla ya kugeuza kile kifungo kidogo cha kubadili mwendo, mpini sharti uwe umesimama wima, umegusa nguzo. Ukikigeuza wakati mpini uko chini, mzigo utaurusha mpini juu na chini kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Ikitokea hivyo, usijaribu kuukamata, ruka kando.

Tena jeki hii hushuka hatua kwa hatua ikiwa tu imebeba mzigo, walau ratili 150, yaani kilo 68 hivi. Mzigo ukipungua chini ya hapo, kipandio huporomoka chote kwa mara moja. Kwa hiyo mikono na miguu ikae mbali hata mwisho.

NENO KWA MAKARANI

Ndugu wanachama, sasa twarudi kwa kalamu. Mwaka 1922 makarani na walimu wa Tanga, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ili watu wa kazi wasaidiane na kuelimishana. Twaona kwamba sisi makarani wa leo tumesaidiana vema kwa mambo ya mishahara na likizo, lakini mara nyingine tumewasahau wenzetu wa karakana na wa barabara, ambao maombi yao hupita mikononi mwetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka mwajiri amlinde mfanyakazi. Lakini sheria haipandi motokaa. Hufika Segerea kwa hati ya kuombea vifaa, na hati ile huandikwa, hupitishwa, au hukatwa na mtu kama sisi.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano maombi matatu. La kwanza: karani wa bohari asikate kifaa chochote cha usalama kabla ya kumwita aliyekiomba na kumsikiliza. La pili: kila motokaa ya safari iandikiwe orodha ya vifaa vyake, yaani jeki, kitako, ndoano zinazoingia ringi zake, kabari mbili, jembe na mnyororo, na orodha hiyo itazamwe na karani pamoja na dereva kabla ya masika na kabla ya vuli. La tatu: kila karani apelekwaye safari ajifunze kuinua motokaa mara moja katika uwanja mkavu, chini ya macho ya dereva, kusudi siku ya tope isiwe ndiyo siku yake ya kwanza.

Tumemwuliza kijana wetu kama angependa tuseme neno lolote kwa niaba yake. Alitujibu kwamba hana kinyongo, ila angependa kuiona hati ile. Tulimletea. Aliisoma, akaigeuza, akatuomba tumwachie ainakili kwa mkono wake wa kushoto, kwa kujizoeza. Nakala yake ndiyo hii tunayoiweka mezani pa Bwana Mwandishi. Imeandikwa kwa shida, na herufi zake zimelala, lakini yasomeka. Vitu vyote vitatu vimo, wala hapana mstari mwekundu. Twaomba mkutano uipitishe.

Tumekwisha. Mwenye swali na aulize, na mwenye kutusahihisha atusahihishe.